"Volatile" si Tete: Hatari ya Kufasiri Jina Kabla ya Kufahamu Kazi

Mjadala kuhusu istilahi za tarakilishi katika Kiswahili umekaa mno mlangoni. Kwa miaka mingi wapenzi wa lugha wamebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na kila upande una hoja zake za kimofolojia na za kimatumizi. Yaliyomo ndani ya chombo hicho hayajapata bidii ya namna hiyo. Aghalabu mtunzi wa istilahi hufungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akachukua kisawe cha kwanza kinachojitokeza, akakiandika katika safu ya kulia ya orodha yake, kisha akaendelea na neno linalofuata. Orodha hukamilika na kupigwa chapa. Mwanafunzi anayeisoma hana njia ya kujua kwamba baadhi ya visawe hivyo vinampotosha, kwa kuwa vyote vimepangwa kwa unadhifu uleule.

Makala haya yanachukua neno moja tu ili kuonyesha kosa hilo linavyotendeka na linavyoweza kuepukwa. Neno lenyewe ni "volatile", mojawapo ya maneno teule ya lugha ya programu iitwayo C. Mwenye kamusi atapata visawe vitatu au vinne: tete, -a kuvukiza upesi, -geugeu. "Tete" limezoeleka katika taarifa za habari, ambako hali ya usalama mpakani husemwa kuwa tete. Kwa ile aina ya kumbukumbu ambayo hupoteza kila kitu umeme ukikatika, huenda likafaa. "Kigeugeu" linaleta kichekesho, maadamu kile ambacho wanahisabati hukibadilisha thamani katika milinganyo yao kwishaitwa kigeu. Mtu atalazimika kusema "kigeu kigeugeu", na wasikilizaji watadhani anamsema mwanasiasa. Hata hivyo, kasoro iko ndani zaidi. Katika lugha ya C, "volatile" haielezi tabia ya kitu. Ni agizo analopewa mfasiri.

Ili agizo hilo lieleweke, yafaa kurudi lilikozaliwa. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikakulia kwenye mashine iitwayo PDP-11. Mashine hiyo haikuwa na amri maalumu za kuzungumza na vifaa vya nje. Kila kifaa, kiwe cha kuchapa au cha kuhifadhi data, kilipewa anwani sawa na zile za kumbukumbu ya kawaida. Kuandika katika anwani fulani kulikuwa ndiko kuchapa herufi, na kusoma anwani nyingine kulikuwa ndiko kuuliza iwapo kifaa kiko tayari. Mtindo huo haukufa na PDP-11. Vichakataji vidogo vilivyomo ndani ya mita za umeme, mashine za kufulia na simu za mkononi hufuata njia hiyo hiyo hadi leo.

Sasa, msimbo wa C hausomwi na mashine moja kwa moja. Hufasiriwa kwanza hadi lugha ya mashine na programu iitwayo kompaila. Wanafunzi wa taaluma ya tafsiri wanaweza kuielewa kompaila upesi kuliko baadhi ya wahandisi, kwa sababu ni mfasiri wa aina wanayoijua vyema: mfasiri huru. Kanuni inayoiongoza ni ya "kana kwamba". Ina ruhusa ya kufupisha, kuunganisha, kupanga upya na hata kuacha baadhi ya kauli, mradi matokeo yawe kana kwamba kila neno la mwandishi lilifuatwa. Kwa kazi nyingi ruhusa hiyo ni neema, na bila hiyo programu zingekwenda kwa mwendo wa kobe. Kwenye vifaa, neema hugeuka balaa.

Chukua mfano wa programu inayotaka kutuma neno JAMBO kupitia waya. Kifaa cha kutumia kina anwani moja tu, na kila herufi inayoandikwa hapo huondoka na kwenda. Mwandishi wa programu anaandika J katika anwani hiyo, kisha A, kisha M, kisha B, kisha O. Kompaila, isiyojua habari za waya, huona mtu anayeandika mara tano mahali pamoja bila kusoma katikati. Hukata shauri kwamba maandishi manne ya kwanza ni kazi bure, kwani la tano litayafuta yote. Inayofika upande wa pili ni O peke yake. Au chukua programu inayosubiri kifaa kiwe tayari: husoma hali yake, ikikuta sifuri husoma tena, ikikuta sifuri husoma tena. Kompaila hutazama msimbo wote, ikaona hakuna kauli inayoibadilisha hali hiyo, ikaamua kusoma mara moja tu na kulikumbuka jibu. Kifaa kitakuwa tayari, na programu itaendelea kusubiri hadi umeme ukatike. Kuna na kinyume chake: baadhi ya vifaa huchukulia kusoma kuwa ni kutwaa, hivi kwamba baiti iliyokwisha kusomwa huondolewa katika foleni. Kusoma mara mbili pale palipoandikwa mara moja ni kupoteza ujumbe.

Katika siku za mwanzo matatizo haya hayakusumbua sana, kwa kuwa kompaila za wakati huo hazikuwa na werevu wa kufupisha kiasi hicho. Werevu ulipoongezeka, programu zilizokuwa sahihi zikaanza kuharibika bila mtu kuzigusa. Kamati ya Marekani iliyosanifisha lugha ya C, ambayo sanifu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1989, ikaingiza neno "volatile". Kigeu kikibandikwa neno hilo, kompaila hunyimwa uhuru wake juu ya kigeu hicho. Kila kusoma kulikoandikwa kutendwe, na kila kuandika kutendwe, bila nyongeza wala pungufu.

Mtaalamu wa Kiswahili hahitaji kamusi ya Kiingereza kulipatia jambo hilo jina. Taaluma ya tafsiri ina neno lake tayari, na neno hilo ni sisisi. Tafsiri sisisi ni ile inayofuata matini chanzi neno kwa neno, isiyojipa ruhusa ya kutengeneza. Katika fasihi mfasiri wa namna hiyo hulaumiwa. Hapa ndiye anayetakiwa. Kwa hiyo kigeu kilichobandikwa "volatile" ni kigeu sisisi. Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia jina hilo atakisia kazi yake hata kabla ya kuelezwa, na mwanafunzi wa uhandisi ataelewa upesi kwamba agizo limeelekezwa kwa mfasiri, si kwa mwingine yeyote. Hilo la pili lina uzito mkubwa. Jina la Kiingereza halikulisema, na watu wengi wamepotea kwa sababu hiyo.

Upotevu wenyewe unahusu mfuatano. Waandishi wa programu wengi waliamini, na wangali wapo wanaoamini, kwamba kigeu sisisi huhakikisha kila kitu kilicho kando yake kitatendwa kwa utaratibu ulioandikwa. Sivyo. Hapa tena sarufi ya Kiswahili ina mwanga wa kutoa ambao haujatumiwa. Mtu akisema, "Bibi alifua, alipika, alifagia," ametaja kazi tatu, lakini msikilizaji hawezi kuapa ipi ilitangulia. Akisema, "Bibi alifua, akapika, akafagia," kiambishi -ka- kimefunga mfuatano, na atakayedai kwamba kufagia kulitangulia atakuwa amemsingizia bibi. Kauli za kawaida katika C zinafanana na zile za -li-. Ziko katika mpangilio fulani karatasini, ila kompaila ina haki ya kuzigeuza maadamu hakuna tofauti itakayoonekana ndani ya programu yenyewe. Kauli zinazogusa vigeu sisisi huunganishwa kwa -ka-, lakini zenyewe kwa zenyewe tu. Kati ya kauli sisisi na kauli ya kawaida iliyo jirani yake, hakuna -ka-.

Athari yake si ya kinadharia. Tuseme sehemu moja ya programu huandaa ujumbe katika kumbukumbu ya kawaida, kisha hupandisha bendera kuwajulisha wengine kwamba ujumbe uko tayari. Bendera imefanywa sisisi, ujumbe haukufanywa. Mwandishi amekusudia "iliandika ujumbe, ikapandisha bendera." Kompaila imesoma "iliandika ujumbe, ilipandisha bendera," na ina ruhusa ya kutanguliza bendera. Msomaji wa upande wa pili ataiona bendera, atakimbilia ujumbe, na atakuta takataka ya ujumbe wa jana. Kosa la namna hii halitokei kila siku. Hutokea mara moja katika maelfu, mbele ya mteja, na halirudi tena mafundi wanapolisaka.

Na kompaila ikifuata kila kitu kwa utaratibu, bado hadithi haijaisha, kwa kuwa kichakataji nacho kina uhuru wake. Vichakataji vya kisasa huweka maandishi katika akiba ndogo kabla ya kuyapeleka kwenye kumbukumbu kuu, na huweza kuyapeleka kwa utaratibu mwingine. Vingine vina nidhamu kiasi. Vile vya jamii ya ARM, vinavyopatikana katika simu nyingi, vina uhuru mkubwa zaidi kuliko vya jamii ya Intel. Kadi ya mtandao ni mfano unaofaa. Programu huandika maelezo ya pakiti katika kumbukumbu ya kawaida, halafu huandika namba katika anwani ya kadi ili kuiamsha. Wahandisi huiita hatua hiyo ya mwisho kupiga kengele. Kengele ikisikika kabla maelezo hayajafika, kadi itaamka na kusoma maelezo ya zamani. Agizo la sisisi haliwezi kuzuia jambo hilo, kwani lilikuwa la mfasiri, na mfasiri amekwisha kumaliza kazi yake na kwenda zake. Kinachohitajika ni amri ya kizuizi, inayokiambia kichakataji kwamba yaliyotangulia yamalizike kabla ya yanayofuata.

Kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 na kupendwa na wanafunzi wa nchi nyingi, ilikuja na onyo la wazi katika maelezo ya kiufundi ya chipu yake, BCM2835. Kichakataji kikisoma kifaa kimoja, kisha kikasoma kifaa kingine mara tu baadaye, majibu yanaweza kufika yamepishana, na jibu la huyu likapokewa kama la yule. Maelezo hayo yanamtaka mwandishi wa programu aweke kizuizi kila anapohama kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "volatile" ni kitu tete ambacho lazima kishikwe kwa uangalifu, na kwamba uangalifu huo umo ndani ya neno lenyewe, ataandika neno hilo kila mahali na kulala usingizi.

Wenye Kiingereza chao hawakuponea. Mwaka 2007 Jonathan Corbet aliandika waraka uliotiwa katika nyaraka za kiini cha Linux, akieleza kwa nini neno "volatile" karibu daima si jibu sahihi ndani ya kiini hicho: penye kufuli sahihi halihitajiki, na vifaa husomwa kwa njia zilizotengwa kwa kazi hiyo. Mwaka uliofuata Eric Eide na John Regehr wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya kuzijaribu kompaila 13 za C zinazotumika viwandani, na kila moja kati ya hizo ilikutwa mahali fulani ikilitafsiri agizo hilo vibaya. Basi hata mfasiri aliyeambiwa wazi asijitungie, alijitungia. Mkanganyiko uliongezwa na lugha nyingine ya programu, Java, ambayo tangu toleo la 5 la mwaka 2004 imelipa neno hilo hilo maana inayobeba mfuatano. Mtu anayehama kutoka Java hadi C huhamia penye rafiki wa uongo, kama wanaisimu wanavyoviita vibaya hivyo vya maneno: umbo moja, ahadi mbili. Sanifu ya C ya mwaka 2011 ililitatua suala hilo kwa kuleta aina nyingine kabisa ya vigeu, visivyogawanyika katikati ya tendo na vyenye kanuni zao za mfuatano. Orodha ya istilahi itakayoandika "tete" kwa Java na kwa C haitakuwa imefasiri neno. Itakuwa imeuhamisha mkanganyiko mzima, ukiwa na afya njema, hadi Kiswahili.

Kwamba mfuatano unaweza kugharimu maisha si maneno ya kutia chumvi. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita, Marekani na Kanada, mionzi iliyopita kiasi kikubwa mno, na baadhi yao wakafariki. Programu yake iliendeshwa na PDP-11 na iliandikwa katika lugha ya mashine yenyewe, wala si C. Neno "volatile" halihusiki hapo. Lakini mojawapo ya kasoro zilizofichuliwa ilikuwa hii hii: sehemu mbalimbali za programu zilishiriki vigeu bila utaratibu wa nani asome na nani aandike lini. Mhudumu mwepesi wa vidole alipohariri maelekezo upesi, sehemu moja ya programu haikuyaona mabadiliko.

Kuna watakaopinga kwamba mjadala huu ni anasa. Watasema maneno teule ya C hayatafsiriwi, kwamba "volatile" itabaki "volatile" katika msimbo hata mwandishi awe Mswahili wa Lamu, na kwamba uhandisi katika vyuo vikuu vya Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja linaloigusa hoja. Msimbo ni kama nukuu za muziki, hubaki ulivyo. Kinachotafutiwa lugha ni maelezo: yale anayoyasema mhadhiri msimbo ukiwa umekwisha kuandikwa ubaoni, na yale wanayoambizana wanafunzi wawili usiku wa kuamkia mtihani. Huko Kiswahili kwishaingia bila kuomba ruhusa ya yeyote, na ama kitaingia na dhana sahihi, ama kitaingia na "tete".

Pingamizi zito zaidi ni kwamba "sisisi" ni neno la wataalamu wachache, na kwamba mhandisi hatalijua. Hilo lakubalika. Ila "tete" analolijua litamdanganya, na asilolijua litamlazimu aulize. Isitoshe, neno lenyewe ni jepesi kutamka, halina mzigo wa viambishi, na linakubali kutumika peke yake: kusoma sisisi, kuandika sisisi. Zipo istilahi nyingi zilizopitishwa zenye sifa duni kuliko hizo.

Linalobaki gumu ni kizuizi. Kiingereza hutumia jina moja kwa vitu viwili: agizo kwa kompaila lisilozaa amri yoyote ya mashine, bali hukataza tu kauli zisivushwe mstari fulani, na amri halisi inayofika hadi kwenye kichakataji na kukisimamisha. Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata huo. "Kizuizi cha tafsiri" na "kizuizi cha utendaji" vingetosha kwa sasa, ingawa la pili linaweza kuboreshwa. Kabla ya majina hayo kuingia katika orodha yoyote, vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kuyapeleka kwa wanafunzi wanaoandika programu za vifaa katika majengo ya jirani, wakae nao mbele ya mashine iliyowashwa, kizuizi kiondolewe, na kila mmoja aone kipi kinaharibika.